Bibi anatibu homa kwa mzizi wa mjafari. Kuna mtu anaupima huu mti, au tunasubiri Wachina?

Fundi_RangiTatu

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Wale wa matusi naomba mpite kushoto, hili nauliza kwa nia njema.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala Rangi Tatu. Bibi yangu mzaa mama ametoka Muheza, yuko kwetu tangu masika. Alishuka kwenye basi na begi dogo la nguo na mfuko mkubwa wa magome. Ni magome ya mizizi ya mjafari. Kwa wasioujua, ni mti wa miiba, shina lake lina vinundu vigumu na kila kinundu kina mwiba wake juu. Gome ukilikwangua, ndani ni njano. Ukiligusisha ulimi linachoma kwanza, halafu ulimi unakufa ganzi, na ule uchungu unakaa kooni mpaka jioni.

Bibi analiponda kwenye kinu, analichemsha kwenye sufuria lake mwenyewe (la kupikia wali halitaki), analiacha lipoe, anachuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Kikombe cha kahawa asubuhi, kikombe jioni, siku tatu. Kuna kitu kingine anatia mwishoni kabisa wakati mimi nimetumwa dukani, hicho hajaniambia mpaka leo.

Juzi kati nilishikwa na homa, baridi inanitetemesha mchana kweupe, viungo vyote vinauma, na hapo nina sare za shule za watu hazijashonwa. Bibi akanipa dawa yake. Siku ya tatu niko kwenye cherehani nakanyaga. Jirani akaomba, naye akainuka. Sasa mtaa umesikia, watu wanagonga mlango na chupa tupu za maji wakiomba wajaziwe.

Ninachotaka kujua, hivi wataalamu wetu wanaujua mjafari? Maana nasikia hata dawa mseto ya hospitali imetokana na jani la Kichina. Kama jani lao limekuwa kidonge, gome letu limekosa nini? Na kuna hili jingine. Nina mtoto wa miaka mitatu. Bibi anasema siku akipata homa apewe nusu kikombe. Mke wangu anasema thubutu! Mimi niko katikati, chakula cha usiku kinaliwa kimya.

Mtoto_wa_Tandika

Nakaa hapa na karanga zangu. Kikombe cha Muheza hiki sasa. Mwaka 2011 shangazi yangu alikwenda Samunge kwa Babu wa Loliondo, kikombe shilingi mia tano, nauli na chakula cha njiani akauza cherehani. Fundi, linda cherehani yako.

Nesi_zamu_ya_usiku

Kaka fundi, la mtoto nalijibu kwanza kwa sababu halisubiri wajuzi. Usimpe. Bibi yako simdharau, na mimi nimekuzwa na bibi wa namna hiyo hiyo. Ila mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali anaweza kuwa anakimbizana na kuku saa nne asubuhi, saa kumi na mbili jioni akapata degedege. Akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa, akaanza kukakamaa, au mkojo ukawa mweusi, hapo ni bodaboda mpaka kituoni bila kusubiri baba mtu arudi kazini. Huko anachomwa sindano ya artesunate. Mtoto wa namna hiyo dawa ya kunywa haimfai, iwe ya mti au ya kidonge.

Akiwa na homa tu, mpelekeni apimwe. Anatobolewa kidole, tone moja la damu, robo saa na ushee mnapata jibu. Chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali utaratibu ni kwamba hatozwi. Likitoka ni malaria, anapewa mseto kwa uzito. Kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, siku tatu, na dozi ya pili inakwenda saa 8 baada ya ya kwanza. Halafu kitu ambacho mama wengi hapa mjini hawaambiwi, au wanaambiwa haraka haraka dirishani: mseto unataka chakula chenye mafuta. Maziwa, uji uliotiwa karanga, hata chapati. Ukimpa kwa maji matupu, ile nusu ya dawa iitwayo lumefantrini inaingia kidogo sana mwilini, halafu tunasema dawa za siku hizi ni feki.

Sasa nikugeukie wewe mwenyewe. Ulipimwa?

Kwa sababu hapa ni Dar. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kama asilimia 8 ya watoto wadogo nchini wana vimelea vya malaria, na mkoa wetu uko chini ya wastani huo. Homa nyingi ninazopokea usiku si malaria kabisa. Mafua makali, njia ya mkojo, taifodi, na dengi, mnaikumbuka 2014 na tena 2019 ilivyoukamata mji. Dengi inatetemesha na kuvunja viungo vilevile ulivyoeleza, na kwa wengi inaondoka yenyewe baada ya siku kadhaa. Ukinywa mjafari siku ya tatu ya dengi, siku ya sita sifa zote zinakwenda kwa mjafari.

Na hao wanaogonga mlango na chupa, kuna mjamzito kati yao?

Fundi_RangiTatu

Dada nesi, sikupimwa. Foleni na sare za watu, sikwenda. Jirani alipimwa, lakini baada ya kumaliza siku tatu za bibi, na kipimo kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo. Yeye huku ni mzima anacheka. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Mjamzito alikuja mmoja. Bibi alimrudisha mwenyewe mlangoni, anasema mwenye mimba hapewi mjafari, haikuwahi kuwepo hiyo.

Nesi_zamu_ya_usiku

Mwambie bibi ahsante sana kwa hilo la mjamzito.

La jirani halina uchawi. Kile kipimo cha kidole hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Kwa hiyo mistari miwili baada ya dawa haisemi bibi ameshindwa wala haisemi ameweza. Anayetaka kujua kama vimelea vimekwisha anawekewa damu kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Kilichotakiwa ni apimwe kabla ya kikombe cha kwanza. Naingia kazini, nitapita tena asubuhi.

Mzee_Hebaria

Fundi, salamu nyingi kwa bibi. Mimi ni mstaafu, nafuga mbuzi Pugu, lakini umri wangu wa kazi wote ulikwenda katika kukusanya mimea, kuikausha na kuipa jina lake sahihi kabla haijaingia maabara. Nesi amemaliza la mtoto, silirudii. Nataka kuzungumza kuhusu mti.

Mjafari unajulikana. Jina lake la kitaalamu ni Zanthoxylum chalybeum, ukoo mmoja na michungwa na mindimu; ponda jani lake unuse, utanielewa. Pwani yote hii, na kwa jirani zetu Kenya, watu wanauchemsha kwa homa. Ule unjano uliouona ndani ya gome kwa kawaida ni dalili ya alkaloidi, zile kemikali kali ambazo mimea inajitengenezea. Katika ukoo huo kuna moja iitwayo nitidini; mwaka 1995 ilitangazwa kutoka kwenye dawa ya kienyeji ya Kenya, mmea uitwao Toddalia asiatica, na kwenye vioo vya maabara ilikuwa kali sana kwa vimelea vya malaria. Ungedhani hapo kazi imekwisha. Lakini nitidini hiyo hiyo wapo wanaoichunguza kwa ajili ya kuua seli za saratani. Kitu kinachoua seli za saratani ni kitu kinachoua seli, na wewe fundi umejengwa kwa seli. Kwa hiyo swali linageuka. Kati ya kiasi kinachomuua mdudu na kiasi kinachomdhuru mtu, kuna nafasi ya kupita?

Hapo ndipo mimea mingi inapokwama, na si kwamba watu hawakuitazama. Mwaka 1990 ilichapishwa kazi ya kupima mimea ya dawa ya Tanzania dhidi ya malaria. Mojawapo ya mimea iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa ndago. Ndago hii hii! Ile nyasi inayokuvunja mgongo shambani, vile vijiazi vyake vya chini. Mwingine ulikuwa mzizi wa Lantana camara, yale maua ya rangi rangi watu wanayofanya ua. Miaka mitano baadaye, Thailand, wakatoa ndani ya ndago kitu chenye atomi mbili za oksijeni zilizoshikana pamoja, na mshikano wa aina hiyo ndio silaha ya artemisinini, ile dawa ya jani la Kichina iliyo ndani ya mseto. Mdudu wa malaria anakula damu, akimeng'enya hemoglobini anabakiwa na chuma, na chuma kikigusana na mshikano ule unavunjika na kumuunguza humo humo ndani.

Sasa mbona hakuna kidonge cha ndago? Tazama vipimo. Artemisinini inaua kwa nanogramu chache katika mililita moja. Dondoo ya ndago ilihitaji mikrogramu kadhaa, na mikrogramu moja ni nanogramu elfu. Dondoo ghafi imebeba vitu vingi na kulinganishwa hivyo inaonewa kidogo, nakubali, lakini pengo ni kubwa. Ongeza kwamba kitu kikinywewa kinapita tumboni na kwenye ini, na ini lina kawaida ya kukivunja kabla hakijafika kwenye damu. Kuua mdudu kwenye kioo ni hatua ya kwanza, na hatua hiyo mimea inayoipita ni mingi sana.

Uliuliza jani la Kichina lilipataje kuwa kidonge. Hili nalipenda, nivumilieni.

Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri, ukaitwa 523 kwa hiyo tarehe. Wanajeshi wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanakufa kwa malaria msituni, na klorokwini ilikuwa imeanza kugonga mwamba. Mama mmoja, Tu Youyou, akapewa kazi ya kupekua dawa za asili mwaka 1969. Wakapitia mapishi mengi sana. Mmea uitwao qinghao, ndiyo hiyo artemisia, ulitoa majibu mazuri leo, kesho hakuna kitu. Wengine wangeutupa. Yeye akarudi kwenye vitabu, akafika kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeandika: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa maji yake. Kuchemsha hakukutajwa. Akashuku kwamba moto ndio unaoiharibu. Akabadili, akakamua kwa etha, ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwa panya waliougua. Yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Nobel akaipata 2015.

Ndiyo maana nilipokuwa nakaa na wazee wa dawa sikuanza na "ni mti gani". Nilianza na "unautengenezaje". Moto kiasi gani, maji kiasi gani, unakunywa ukiwa moto au umepoa, mzizi mbichi au mkavu. Na hicho kitu bibi anachotia wewe ukiwa dukani nakitaka kuliko mjafari wenyewe! Kama ni ndimu, kemia yake inaeleweka, alkaloidi zinatoka vizuri zaidi kwenye maji yenye uchachu. Kama ni magadi, mambo ni mengine kabisa. Mtu akipeleka gome peke yake maabara bila hicho, atakuwa anapima dawa nyingine, si ya bibi.

Na hili la kusubiri Wachina limenichekesha, maana kwenu Muheza kuna historia. Juu kule Amani, Wajerumani walianzisha kituo chao mwaka 1902 na wakapanda mikwinini, miti ya Amerika Kusini. Gome la mkwinini ndilo mama wa kwinini, ambayo Pelletier na Caventou waliitenga Paris mwaka 1820. Watu wetu wametibiwa kwa gome la mti wa kigeni miaka na miaka, halafu tunashangaa gome la mjafari.

Buguruni_Mitishamba

Mzee nakuheshimu kwa mvi zako lakini nina donge.

Marehemu baba alikuwa mganga anayejulikana, mimi nimerithi meza yake. Nilikuwa kijana walipokuja watu na gari, makaratasi mengi, baba akatia dole gumba. Walikaa naye kutwa nzima msituni, wakabeba mizizi, wakapiga picha. Sitaji walitoka wapi. Mpaka baba anazikwa hakuna aliyerudi kumwambia hata neno moja, kwamba mzee dawa yako imemuua mdudu au haikumuua. Hatukuomba mamilioni. Tulitaka jibu tu. Sasa leo unamtaka bibi wa watu aseme kitu chake cha mwisho, hapa jukwaani, kila mtu anasoma?

Pili, mnasema utafiti wakati mti wenyewe unakwisha. Mjafari tulikuwa tunauchimba Kisarawe hapo. Siku hizi unatoka mbali na unakuja na lori la mkaa. Vijana wanaouleta wanang'oa mzizi mkuu, mti unakauka. Baba alinifundisha unachukua mzizi wa upande wa mawio na wa upande wa machweo, katikati huugusi, udongo unaurudisha na kuukanyaga. Ukimwambia hivyo kijana wa leo anakuona unamchelewesha.

Tatu, mbona artemisia ikiwa chai mnaipiga vita na ikiwa kidonge mnaisifu? Mwaka 2020 waziri alipanda ndege kwenda kuchukua ile dawa ya korona ya Madagaska, ya artemisia.

Mtoto_wa_Tandika

Huyu sasa ndiye niliyekuwa namsubiri. Mzee jibu hoja.

Mzee_Hebaria

Mwanangu wa Buguruni, la kwanza sina ubishi nalo. Nimeona mafaili ya namna hiyo, jina la mganga limeandikwa kwa penseli pembeni, na anwani hakuna. Kuna makubaliano ya kimataifa ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana faida ya mimea na maarifa ya wenyeji, lakini karatasi haimtembelei mtu nyumbani kwake. Ushauri wangu kwa fundi ni huu: bibi asiseme chochote hapa. Akienda kwa watafiti aende na wewe, kila kitu kiandikwe kabla, akiwemo yeye kwa jina lake kama mwenye maarifa, lini atapewa majibu na nani wa kumpa, na nakala ibaki kwake. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, kitengo kilichoanza tangu 1974. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nao wana watu wa tiba asili pale Mabibo. Akitaka kutoa dawa kwa watu wa nje ya nyumba, hapo kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria namba 23 ya 2002, na anaanzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Hizo chupa za majirani, fundi, nakushauri zisimame kwanza.

La mizizi, mawio na machweo, naomba kila anayesoma uzi huu alishike. Ukichukua pande mbili unauachia mti mizizi ya kuishi. Sijui ni nani aliyeanza kufundisha hivyo, ila alijua kazi.

Sasa artemisia. Hakuna anayelipiga vita jani. Shida ni kwamba artemisinini haipendi maji. Majani ya shamba hili yana nyingi, ya shamba lile kidogo, na kikombe hakikuambii. Kongo walijaribu kwa uangalifu, matokeo yakachapishwa 2004. Waliokunywa chai siku saba walipona kama asilimia 74, wenzao wa kwinini asilimia 91. Asilimia 74 si mchezo, ungemuuliza mgonjwa siku ya saba angekuapia chai ni dawa. Lakini wengi wao vimelea vilirudi wiki zilizofuata. Artemisinini inakaa mwilini saa chache tu, inafagia wengi inaondoka, na ndiyo maana kwenye mseto imepewa mwenzake lumefantrini anayebaki siku kadhaa kumalizia waliojificha. Chai haina mwenzake huyo.

Na wanaobaki baada ya dozi pungufu ndio wanaojifunza. Kule Kagera, hasa Karagwe, wamekwisha kukuta vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, lile lile lililoonekana Rwanda, linalofanya artemisinini iwaondoe polepole. Mseto bado unaponya, mtu asije akatoka hapa akasema mzee kasema mseto umekufa. Lakini klorokwini tuliiacha 2001, SP, dawa iliyofuata, tukaiacha kutibia 2006, tumezika dawa mbili kizazi kimoja hiki. Kwa hiyo ninapotaka mjafari upimwe si kwa ajili ya kumfurahisha bibi. Tutauhitaji, huo au mwingine.

Na hailazimu kuanzia kwenye vioo vya maabara. Mali walianza upande wa pili. Walizunguka vijijini wakiuliza familia: mara ya mwisho mtoto alipougua malaria mlimpa nini, na ikawaje? Wakahesabu. Mmea uliojitokeza ulikuwa Argemone mexicana, gugu la miiba lenye maua ya njano, hata kwetu linaota kandokando ya barabara. Wakapima dozi kwa wagonjwa wenyewe, halafu wakaushindanisha na mseto, matokeo yakatoka 2010. Katika siku 28 wasiohitaji dawa nyingine walikuwa asilimia 89 kwa mmea na 95 kwa mseto, na watoto waliofikia malaria kali walikuwa sawa pande zote mbili, chini ya 2 kwa mia. Ndipo baada ya hapo unatafuta ni kitu gani ndani yake. Mjafari wa bibi ningependa upite njia hiyo. Mgonjwa anapimwa kabla, anafuatiliwa siku 28, damu inatazamwa kwa hadubini, na mseto uko mezani kwa yeyote atakayezidiwa.

Tafadhali msikimbilie kuchuma hilo gugu. Mbegu zake ni sumu, India zimeua watu zilipochanganyika na mafuta ya kupikia.

Nesi_zamu_ya_usiku

Nimetoka zamu, nimesoma. Mzee, hiyo ya mseto kuwa mezani ungeiandika kwa herufi kubwa.

Na mwarobaini jamani, kwa sababu najua sasa hivi kuna mtu anauwaza, upo kila uwanja wa nyumba mjini hapa. Mafuta yake msiwanyweshe watoto. Kuna watoto waliodhurika ini na ubongo kwa mafuta hayo, Malaysia waliliandika hilo mapema miaka ya 80. Kidonge kina mpaka wake umeandikwa kwenye boksi. Kijiko cha mafuta hakina.

Buguruni_Mitishamba

Mzee umejibu kiungwana. Hilo la Mali la kuuliza familia kwanza, hata mimi pale mezani naweza kulianza, nina daftari la wateja. Nitakuwa nawapigia simu wiki ya nne. Ila wasiopona huwa hawapokei.

Mzee_Hebaria

Hao ndio unaowataka zaidi. Mtume mtu nyumbani kwao.

Fundi_RangiTatu

Wakuu nimemsomea bibi uzi wote, imechukua jioni nzima kwa sababu kila mstari ana la kusema.

Kuhusu mikwinini alicheka. Anasema marehemu babu alifanya kibarua Amani na alikuwa akirudi na magome mfukoni, yeye alidhani ni mti wa kule kule. Kuhusu mtoto amesema, nanukuu, "Mimi sikusema msimpime. Mpimeni. Mjukuu wangu mwenyewe nimfanyie majaribio?" Mke wangu alikuwa jikoni, sufuria zikagongana kwa furaha. Chakula leo kimeliwa na maongezi.

Chupa za majirani amesimamisha, ingawa amenuna. Kwa watafiti yuko tayari, lakini anataka kwanza azungumze na Mzee ana kwa ana, na Mzee aje na mkewe. Kitu cha mwisho atakitaja akishamwona mtu usoni. Nilimuuliza ni ndimu au magadi, akaniambia nenda dukani.

Mjomba anakuja kutoka Muheza wiki ijayo kwa basi. Nimwambie alete nini?

Mzee_Hebaria

Mama watoto amekubali, anataka kumwona bibi kuliko mimi.

Mwambie mjomba asilete magome tena, hayo yapo. Gome peke yake hakuna atakayethubutu kukuapia ni la mti gani. Alete tawi la urefu wa mkono kuanzia kiwiko, lenye majani, na likiwa na maua au matunda ndiyo bora zaidi. Matunda ya mjafari ni madogo, yakikomaa yanapasuka na mbegu nyeusi inayong'aa inabaki imening'inia. Kipande cha ganda la shina chenye kinundu na mwiba wake pia. Alitandaze tawi katikati ya magazeti, jani moja aligeuze ili upande wa chini uonekane, juu aweke ubao na jiwe. Magazeti ayabadilishe kila siku mpaka likauke, la sivyo litaota ukungu kabla ya kufika Chalinze. Kwenye karatasi aandike kijiji, tarehe, udongo wa namna gani, mti una urefu gani, wenyeji wanauitaje, na ni mzizi upi bibi anautumia. Mti huo huo alioutoa tawi aufunge utambaa, ili siku tukienda tuurudie ule ule.

Magazeti yawe ya kawaida. Yale ya karatasi za kung'aa hayanyonyi maji.